Mistari ya Wadudu

9 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama yako mpaka paka. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi. Kitinda mimba wangu ameng'oka jino la mbele, sasa kila akisema neno anapiga filimbi. Anakuuliza kama ni kweli viwavi wako wana majina. Mimi mzima, mgongo tu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu haifai kwa maneno ya wifi na wifi. Kaka yako akiona jina lako hupokea yeye, anaweka spika, na mpaka kuku wanajua habari zako. Barua hii nampa yule dereva wenu wa gari la sampuli, anayeendesha kama amebeba mayai. Watoto huku wameshambatiza: Bwana Taratibu.

Biringanya zenu zimeshika. Katikati ya shamba ipo miche yenye lile jeni lenu la kuua viwavi, na pembezoni mmeniwekea mistari ya miche ya kawaida. Ubao wa masharti watu wenu waliupigilia siku niliyokuwa sokoni. Nimerudi, nikausoma, nikadhani jua limenipiga. Eti mistari ya pembezoni isipulizwe dawa hata tone, viwavi wasiokotwe, waachwe wale washibe! Wifi, nalima biringanya tangu nilipoolewa humu, na sijawahi kumtandikia mwizi mkeka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa tunawapa chakula mpaka lini? Tena fundi viatu wa hapa jirani anatangaza kwamba mboga inayoua mdudu haitamwacha mtu. Nataka jibu la kumfunga mdomo.

Lakini hayo si yaliyonikalisha chini kuandika. Ni kaka yako. Unajua bonde zima linamwita Pampu, na anaitika kama jina alilopewa na baba yenu. Mashamba karibu yote yaliyokuwa yakimwita kupuliza dawa yameingia kwenye haya majaribio yenu. Hakuna anayemwita tena. Kikohozi chake cha dawa bado kipo, kazi ndiyo imeondoka. Pampu ameitundika nyuma ya mlango, na jioni anakaa akiitazama kama mtu anayemsubiri abiria. Chakula anagusa tu.

Nimesema. Nijibu.

Wifi yako


27 Februari

Wifi yangu mwenye maneno,

Nami nipo, nashukuru. Chumba changu bado kinavuja palepale, beseni bado lipo palepale, tumezoeana. Mwambie kitinda mimba kwamba viwavi hawana majina kwa sababu ni maelfu, lakini mimi ninalo: hapa maabara wananiita Mama Viwavi. Asubuhi nawapikia uji wa unga wa kunde na hamira, naumwaga kwenye sinia mpaka ugande, nakata vipande, nagawa. Hawasemi asante. Wakikua tunawaweka juu ya miche mipya tuone nani atakufa. Kwa hiyo mimi ni mpishi na mnyongaji, kwa mshahara mmoja.

Mpe fundi viatu jibu hili. Jeni lile limetoka kwa bakteria wa udongoni. Linaufanya mche utengeneze protini fulani, na protini hiyo inataka tumbo lenye magadi ndipo ifanye kazi. Tumbo la kiwavi lina magadi, basi inamtoboa utumbo. Tumbo la fundi lina asidi, basi inasagwa humo kama protini ya maharage. Akibisha, muulize yeye ana magadi kiasi gani tumboni.

Sasa mistari ya wadudu. Nisikilize vizuri hapa, maana ndiyo roho ya kazi yote. Katika viwavi wengi mno, mmoja atazaliwa mkaidi, atakula mche wetu na asife. Atakuwa nondo, atataka kuoa. Kama shamba zima ni miche yetu, mchumba pekee atakayempata ni mkaidi mwenzake, na watoto wao watakuwa wakaidi wote. Miaka michache tu, jeni letu litakuwa halina kazi. Lakini mistari ya pembezoni ikiwa imelea viwavi wa kawaida kwa wingi, mkaidi wetu atapata mchumba mlaini, na watoto watakuwa walaini kama mama yao. Kwa kifupi, wifi, unafuga wakwe. Usipowafuga wewe, bonde lote litajuta.

Kuhusu kaka, sijui niandike nini. Mimi ndiye niliyepeleka jina la bonde lenu. Niliwaza kikohozi chake. Pampu sikuiwaza.

Wifi yako


30 Machi

Wifi,

Salamu tele. Huku mvua imetufaa, maua yametoka, na biringanya za kwanza zimeanza kuning'inia, nyeusi, zinang'aa. Za katikati hazina hata tundu moja. Nakiri kwa kalamu yangu, na usiionyeshe barua hii kwa wenzako wakavimba vichwa.

Fundi viatu nilimpa jibu la magadi. Amenyamaza siku nzima, halafu jioni kaja kuomba biringanya mbili.

Kaka yako hajambo. Hajambo kabisa! Anakula, anapiga mluzi, juzi kamtania mama mpaka mama akasahau kulalamika. Hata kikohozi kimepungua, nadhani ni hali ya hewa. Kwa hiyo ondoa wasiwasi, hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Na mistari ya wadudu ipo. Ipo tu vizuri.

Hivi huyo Bwana Taratibu ana mke? Naona akisubiri barua yangu iishe hana haraka, na ananiuliza wewe unapenda chai ya aina gani. Mimi nimemwambia sijui.

Wifi yako


16 Aprili

Wifi,

Huku tu wazima. Beseni limejaa mara mbili wiki hii.

Kuhusu chai, mwenyewe ameniuliza, na hayo hayakuhusu.

Taratibu si mbeya, tena alisema kwa kusifia. Kasema, "Kaka yako hodari! Jumamosi nilimkuta kwenye ile mistari ya pembezoni, pampu mgongoni, anapuliza mche kwa mche kama anayepaka rangi." Nilikuwa nimeshika sinia la uji. Nikaliweka chini.

Nimerudia barua yako. Umeandika kwamba mistari "ipo tu vizuri," na mwanamke anayeandika aya nzima kuhusu fundi viatu hana sababu ya kunipa maneno matatu kuhusu mistari. Nani kamwambia kaka apulize? Ubao ameuona, kusoma anajua. Niambie ukweli kabla watu wa hapa hawajaja kuutafuta wenyewe.

Wifi yako


8 Mei

Wifi yangu,

Najua gari limekuja na kurudi bila barua yangu. Nilijificha nyumba ya jirani mpaka likaondoka. Shikamoo kwa niaba ya watoto. Mama anaendelea. Kitinda mimba jino linaota.

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimefika mwisho wa yangu. Ni mimi.

Kuna Jumamosi moja nilimkuta kaka yako ameishusha pampu, ameifungua yote, anasafisha vipande vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja, kisha anavirudisha, kisha anavifungua tena. Sikuweza kuvumilia. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia, "Dada yako kaleta agizo. Ile mistari ya pembezoni inatakiwa ipulizwe kila Jumamosi, na amesema asiguse mtu mwingine ila wewe, maana inataka mtu anayejua." Ubao nikaufunika gunia, nikasema eti rangi isipauke.

Wifi, ungemwona! Alisimama. Aliuliza, "Dada kasema hivyo? Mimi?" Nikasema wewe. Akavaa buti.

Tangu siku hiyo nina mume. Anaondoka Jumamosi asubuhi na pampu yake, anarudi mchana, anakula sahani mbili. Hata nguo zake hazinuki siku hizi, nadhani wenye maduka wameleta dawa isiyo na harufu. Mistari sijaenda kuitazama. Nikifika karibu naona aibu mbele ya wale wakwe zako, nageuza.

Nilijua ninachofanya, ulishanieleza mambo ya wachumba. Nikajiambia mistari michache itaharibu nini, dunia ina viwavi wengi. Nisamehe. Ila nakuomba kitu kimoja tu, kwa jina la maziwa mliyonyonya wote wawili: usimwambie. Akijua kazi yenyewe nilimtungia mimi kwa huruma, hatasimama tena.

Wifi yako mwongo


25 Mei

Wifi,

Leo sina salamu ndefu. Nimekukasirikia tangu gari lilipofika, na nimelia pia, sijui kipi kilitangulia.

Ungeniandikia. Ungesema, "Wifi, kaka yako anazimika," ningepanda gari hata la mkaa. Lakini na mimi ungeniandikia mara ngapi? Ulishaniandikia mwezi wa pili, nami nikakujibu kwa hadithi ya nondo. Basi tugawane.

Namba siwezi kuzidanganya. Kiwavi hana wakili. Nimekwenda kwa mkuu wetu wa maabara, nikamwambia mistari ya shamba lenu imepulizwa dawa. Akauliza, "Kwa agizo la nani?" Nikasema, "Langu. Nilichanganya maelekezo." Huo ndio uongo wangu wa mwaka huu, na nimeutumia wote kwa ajili yenu. Nimepewa karipio la maandishi, lenye muhuri, limeingia kwenye faili langu. Kaka hatajua lolote kutoka kwangu.

Lakini ujue hali ilivyo. Watakuja kuokota viwavi kwenye mistari hiyo. Wakikuta hakuna kitu, shamba lenu linaondolewa, na mkuu anafikiria kuliondoa bonde lote, kwa sababu majirani nao watakuwa wameiga. Hapo dawa itarudi kila mahali. Na kaka atarudi kwenye pampu yake ya kila siku, na kikohozi chake, mpaka kimmalize. Hicho ndicho ninachokiogopa, wifi. Si karipio.

Sasa hivi acheni kila kitu kama kilivyo. Msipande kitu, msing'oe kitu, na lile gunia liondoe.

Wifi yako


14 Juni

Wifi,

Hujajibu, na safari hii sikulaumu. Habari zenyewe ni za kukaa chini, kwa hiyo kaa.

Taratibu na wenzake wamerudi na makopo kutoka kwenye mistari yenu. Nilifungua la kwanza nikiwa nimefumba jicho moja. Viwavi! Wifi, wamejaa, wanene, wana afya kuliko hawa ninaowapikia mimi. Kopo la pili hivyohivyo. Kila biringanya ya pembezoni imetobolewa kama chujio.

Badala ya furaha, hapa ikawa kilio. Mkuu wetu, ambaye hajawahi kuonekana akitembea haraka, alikimbia kwenye korido ameshika kopo. Wakasema tumepata kiwavi asiyekufa kwa dawa ya dukani. Mkutano ukaitwa. Mtu wa takwimu alikosa chakula cha mchana. Mimi kwenye kiti changu nilikuwa najiuliza tu kaka yangu ameleta balaa gani duniani.

Ikaamuliwa wapimwe. Tumenunua dawa ileile ambayo kaka hununua, tumeichanganya kwa kipimo cha kwenye chupa, tumewanyunyizia. Walikufa kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo dawa inaua. Viwavi wenu wapo hai. Na kaka anapuliza kila Jumamosi, Taratibu amemwona kwa macho yake. Mambo haya matatu hayawezi kukaa chumba kimoja.

Wifi, hebu nenda nyuma ya mlango. Kuna nini ndani ya ile pampu?

Wifi yako


2 Julai

Wifi yangu, mboni ya jicho langu,

Nilisoma mstari wako wa mwisho nimesimama, nikaenda nyuma ya mlango na barua mkononi. Nikaifungua pampu, nikaingiza pua. Hakuna kitu. Nikaingiza kidole, nikalamba. Usinigombeze, nimelamba. Maji ya kisimani!

Kaka yako alikuwa uani anatengeneza banda la kuku. Nikamwita. Nikamwonyesha pampu. Akaitazama, akanitazama, akaweka nyundo chini.

"Umejua," akasema.

"Nimejua nini? Wewe ndiye uniambie! Unapuliza maji?"

"Sasa ningepuliza nini? Ubao umesema dawa marufuku."

"Ubao uliuona wapi? Niliufunika, na shambani ulikuwa hufiki!"

"Mke wangu, siku wanaupigilia ubao ule wewe ulikuwa sokoni. Nani unadhani aliwashikia misumari?"

Nikakaa palepale chini, kwenye mbao. Wifi, ametembea na maji mgongoni tangu mwezi wa tatu! Buti, kofia, kitambaa cha pua, vyote. Anapuliza mche kwa mche, viwavi wanamwagiliwa, wananenepa, naye anarudi kula sahani mbili. Na mimi nikasifia hali ya hewa kwa kumponya kikohozi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu kwamba nadanganya. Akapangusa vumbi la mbao magotini. Kisha akasema, "Asubuhi ile ulikuja mbio, umeacha sufuria jikoni inaungua, kunitafutia kazi. Ilikuwa haipo, ukaitengeneza. Ningekuambia siitaki?"

Nimelia, wifi. Nimelia mpaka mama akatoka ndani kuuliza nani amefariki. Alipoambiwa, akasema watoto wake wote wana akili, ila wanazitumia siku wanazotaka.

Nikamweleza pia kuhusu karipio lako. Hapo ndipo yeye alipogeuza uso, akajifanya anatafuta msumari. Amesema nikuandikie kwamba alikubeba mgongoni kuvuka mto ulipokuwa mdogo, na kwamba leo mmelingana.

Lakini kazi bado hana, na sasa hata ya uongo imekwisha. Hilo nakuachia, wewe Mama Viwavi mwenye marafiki wakubwa.

Wifi yako


21 Julai

Wifi,

Haraka haraka, Taratibu amewasha gari na leo sijui nani kamharakisha.

Nimemweleza mkuu kila kitu. Alicheka mpaka akavua miwani. Karipio halifutiki, muhuri ni muhuri. Kwa hiyo nimekaripiwa kwa kosa nisilolifanya, ambalo aliyelifanya hakulifanya. Nitalitundika ukutani.

Kisha akaacha kucheka, akauliza swali. Msimu ujao bonde zima litapanda, na kila shamba litatakiwa kuacha mistari ya wadudu. Kila mkulima akiona viwavi wanashiba atataka kupuliza tu kidogo, kwa siri, kama mwanamke mmoja ninayemfahamu. Nani atakwenda nyumba kwa nyumba kuwazuia, na akasikilizwa? Mimi nikasema lipo jina moja ambalo bonde lote linaliitika likisikika mlangoni.

Ni kazi ya kweli, wifi, ina mkataba. Nimeusoma mwenyewe, pande zote mbili. Mwambie kaka safari hii agizo ni langu.

Wifi yako


11 Agosti

Wifi yangu,

Wote wazima, na jino la kitinda mimba limeota, filimbi imekwisha, nimeanza kuikosa. Bwana Taratibu amefika leo amevaa shati jipya, amemuuliza kaka yako kama nyumba hii hupokea wageni wenye jambo. Nawe kumhusu yeye uliniandikia habari za gari tu! Tutayazungumza.

Leo kaka yako ameanza kazi. Ameamka kabla yangu, amepiga buti rangi, ameuliza kola imekaa sawa. Kisha nikamwona anakwenda nyuma ya mlango, anashusha pampu.

Nikamwambia, "Baba, unakwenda kuwaambia watu wasipulize. Pampu ya nini?"

Akasema, "Bila hii hawatanijua."

Nikaishika nimpandishie mgongoni, kama nilivyomfanyia miaka yote, nikajikaza kiuno kwa ule uzito ninaoujua. Nusura nianguke kinyumenyume. Ilikuwa tupu, haina hata maji.

Wifi yako